Hodi kwa Adui

Watu watatu walikuwa njiani kuuawa na kitenzi, na mle chumbani Inspekta Somoe Nambunga ndiye peke yake aliyekijua kitenzi chenyewe.

"Rudia," alisema.

Kanali Byabato alishusha pumzi kwa kishindo, kama mzee anayelazimishwa kusimulia kisa kilekile kwa mtoto mbishi. Akagusa meza. Ukutani ikatoka sauti ya kijana mwenye lafudhi ya kusini, na nyuma yake mwiko ukikwangua karai.

"Hilo daraja, ndugu yangu, lisikunyime usingizi. Tunalilipua kabla ya Ijumaa. Mkubwa apite, asipite, shauri yake."

Wakacheka watu wawili. Kisha sauti ya tatu, ya chini, isiyocheka: "Mzigo uko salama?" Kanali akaizima.

"Umesikia mwenyewe. Daraja. Kulilipua. Ijumaa. Waziri anapita pale Ijumaa. Unataka wakuchoree na picha?"

Juu ya meza ulitandazwa mji wa Nalihu kwa mwanga, paa kwa paa. Paa moja, la nyumba ya tofali mbichi mtaa wa Mashineni, lilikuwa jekundu. Juu yake kabisa, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika, mwewe wa chuma alikuwa akizunguka taratibu, akisubiri kidole cha Somoe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu bunge lipitishe Sheria ya Mgawanyo, mwaka ule stendi ya mabasi ilipogeuzwa kifusi. Kila taa ya barabarani iliwekewa sikio. Kila kilichosikika kilipelekwa kwenye mashine iliyoitwa Pambanuzi, nayo ikatoa rangi moja kati ya mbili. Buluu ilimaanisha polisi: mtu anakuwa mtuhumiwa, anakamatwa, anapewa wakili, anasimama mbele ya hakimu. Nyekundu ilimaanisha jeshi: mtu anakuwa adui, na adui hahitaji wakili wala hakimu. Anahitaji kujulikana yuko wapi, basi. Rangi ya tatu haikuwapo. Wabunge wachache walioona aibu walifanikiwa kuchomeka kifungu kimoja tu, kwamba nyekundu yoyote inayotokana na maneno isiive mpaka ofisa wa lugha wa polisi aweke kidole gumba kwenye kioo, kuthibitisha kwamba maneno yameeleweka sawasawa.

Somoe aliitazama mikono yake. Alikuwa ameificha chini ya meza, kama mwanafunzi anayeogopa kuchapwa.

"Hawa ni mafundi, afande," alisema. "Kulipua kazi ni kuifanya harakaharaka, ovyo, ilimradi iishe. Saruji kiduchu, mchanga tele, rangi juu. Muulize yeyote aliyewahi kujengewa choo."

"Mimi nimejenga. Hakuna fundi aliyeniambia anailipua nyumba yangu."

"Hawezi kukwambia wewe. Anawaambia wenzake."

Luteni mmoja pembeni aliponyokwa na kicheko, akakigeuza kikohozi. Kanali hakumtazama.

"Pambanuzi imesoma kila kilichowahi kuandikwa kwa Kiswahili. Kila kitu, Inspekta. Wewe una stashahada."

"Imesoma magazeti. Kwenye magazeti kinacholipuliwa ni bomu tu. Haijawahi kusimama kwenye zege ikasikia watu wanavyoongea jua likiwa utosini."

"Na mzigo? Nao ni Kiswahili cha zegeni?"

 Sauti ile ya tatu ilikuwa imemkaa Somoe kooni tangu alipoisikia mara ya kwanza, kama mwiba wa samaki. Ungeweza kuwa mzigo wa saruji, au wa bangi. Ungeweza pia kuwa kile alichokiwaza Kanali.

"Sijui," alisema.

"Hujui!" Kanali aliwageukia maofisa wake, mikono ameinyanyua. "Amesema hajui."

"Sijui, kwa hiyo nataka kwenda kuuliza. Mkishaishusha hiyo nyumba nitamuuliza nani? Tofali?"

"Sikiliza, binti."

"Inspekta."

"Sikiliza, Inspekta. Mimi nilizoa watu pale stendi. Nilizoa kwa beleshi. Wale hawakuwa wezi wa kuku wa kupelekewa hati ya kukamatwa. Ile ni vita, na vitani huendi kwa adui ukabisha mlango. Mzigo ukiwa ndio huo, ukamtuma askari wako akafia mlangoni, utafanya nini?"

"Nitamzika. Na wewe ukiwaua mafundi wawili kwa sababu ya kitenzi, utafanya nini?"

"Nitalala," Kanali alisema, na ilionekana hasemi kwa majigambo. "Nitalala kwa sababu waziri atakuwa amevuka, na watoto wa shule walio nyuma yake watakuwa wamevuka. Weka kidole."

Somoe aliinuka. Alikisukuma kiti kwa kalio, akaingiza dole gumba lake mfukoni mwa sare, akalifunika kwa vidole vinne.

"Neno halikueleweka sawasawa," alisema kwa sauti, ili mashine imsikie. "Nabatilisha."

Paa la Mashineni likageuka buluu. Luteni aliyekohoa akaacha kukohoa.

"Haya," Kanali alisema polepole. "Nenda. Ila likiharibika utasimama mbele ya watu uombe radhi, na mimi nitakaa kiti cha mbele nisikie kila herufi."

*

Sajini Hiza Shemdoe alikuwa mtu wa milimani, mpana kama mlango wa ghala, mwenye kijiti mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa akimwita Somoe afande mbele ya watu, na dada wakiwa wawili. Ndani ya gari la polisi walikuwa watano, kwa hiyo alinong'ona.

"Dada, hii sheria ya hodi nani aliitunga? Mke wangu mwenyewe simpigii hodi. Nikampigie gaidi?"

"Si gaidi mpaka hakimu aseme."

"Sawa. Na akisema 'karibu', tukae? Tusubiri na chai?"

"Ukipewa chai, kunywa. Mradi pingu usisahau."

Shemdoe alicheka mpaka kijiti kikadondoka. Hivyo ndivyo Somoe alivyokuja kumkumbuka, akikitafuta kijiti chake kwenye sakafu ya gari, mgongo mzima ukitikisika.

Sheria ilisema hivi: polisi anayekwenda kukamata kwenye nyumba ya mtu atapiga hodi, atajitaja yeye ni nani, na atawapa waliomo nafasi ya kujibu. Wanajeshi waliidhihaki. Somoe aliipenda. Kwake, tofauti yote ya serikali na genge ilikuwa pale mlangoni.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mabati, mfupi, wa kuinamia. Uani kulikuwa na lundo la mchanga, ungo wa kuchekechea na ndala zilizokauka zege. Kwa ndani redio ilikuwa inaimba. Askari wawili walizunguka nyuma. Somoe alisimama nyuma ya Shemdoe kwa upande, bastola mkononi. Shemdoe naye alikuwa amenyanyua bunduki, amebana pumzi, askari kamili.

"Hodi!" alinguruma. "Hodi, polisi hapa!"

Na kutoka ndani, bila kufikiri, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri na mama yake, fundi akajibu:

"Karibuuu!"

Somoe aliona kwa macho yake jambo ambalo baadaye alishindwa kumweleza mtu yeyote asiyezaliwa kwenye lugha hii. Neno lile lilimshika Shemdoe mabega likamlegeza. Mdomo wa bunduki ulishuka. Aliinama kupita mlango ule mfupi kama anavyoinama mgeni, na midomo yake ikaanza kusema, "Ahsa..."

Ahsante haikumalizika. Risasi ilitoka chumba cha ndani ikampiga chini ya shingo.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Somoe alifyatua kuelekea kwenye giza la chumba. Mafundi wawili walikuwa chini, wanapiga kelele za kuita mama zao. Mtu wa tatu alijitokeza akipiga risasi ovyo, na mmoja wa wale mafundi, kijana aitwaye Mchopa, yuleyule aliyesema karibu, aliinuka na karai la zege akamshindilia nalo kisogoni. Likalia kama kengele. Mtu akaanguka kifudifudi, hai.

Somoe alipiga magoti. Damu ya Shemdoe ilikuwa inazama kwenye vumbi la saruji, ikigeuka uji.

"Alisema karibu," Shemdoe alisema. Hakuonekana mwenye hasira. Alishangaa tu, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu dukani kwa ndugu. "Dada, si alisema karibu?"

"Alisema."

Basi akafa hivyo.

Chumba cha ndani, chini ya kitanda cha kamba, walikuta mifuko iliyoandikwa saruji. Haikuwa saruji. Mafundi walikuwa wamempangisha mtu yule chumba bila kumuuliza sana. Daraja walilokuwa wakilizungumzia lilikuwa la mfereji, nyuma ya soko, na kweli walikuwa wamelilipua: ulikuwa ukilikanyaga, linabonyea. Mashine ilikuwa imekosea neno, ikapatia nyumba.

*

Aliitwa Faraji Mnali. Alikaa mbele ya Somoe, kichwa kimefungwa bendeji, pingu mezani, na akakataa kuzungumza mpaka apigiwe saluti.

"Mimi ni askari," alisema. "Nina cheo. Nileteeni mwanajeshi mwenzangu. Siongei na watu wa kufukuza wezi wa kuku."

"Basi umefika," Somoe alisema. "Mimi ndiye wa wezi wa kuku. Jina la baba?"

"Nimesema mimi ni askari wa Jeshi."

"Jeshi lipi?"

"Jeshi." Kundi lao walilipa jina hilo tu, kana kwamba duniani hakuna jingine.

"Hapa nimeandika mtuhumiwa wa mauaji. Umemuua Hiza Shemdoe, mume wa Tunu, baba wa watoto wake. Kumuua mtu aliyepiga hodi mlangoni siyo vita. Ni uuaji wa kawaida, kama wa mlevi aliyemchoma mwenzake chupa kilabuni. Utashitakiwa kama huyo mlevi. Mtakaa sero moja."

Hapo ndipo Faraji alipopandisha mori. Alivuta pingu mpaka meza ikasogea. Alitukana. Alimtukana Somoe, akamtukana mama yake, akaitukana na sare yake. Matusi yalipomwishia akabaki anahema, na akasema kwa sauti ya mtu aliyeporwa, "Bora mngenipiga kombora. Kombora hupigwa mwanamume. Kanali wenu yeyote angenipa heshima yangu."

Somoe aliacha kuandika. Katika mji mzima wa Nalihu walikuwapo watu wawili waliokubaliana kabisa kwamba hii ni vita. Mmoja alikuwa na mwewe angani. Mwingine alikuwa huyu, anayelilia saluti.

"Heshima yako ni hakimu," alimwambia. "Jina la baba?"

*

Baraza la Uchunguzi lilikaa ukumbi wa manispaa, mchana, mapanka yakizungusha joto. Mwenyekiti, Jaji mstaafu Nyangeta, alikuwa mama mkavu wa maneno na miwani ya kamba. Kanali Byabato alikaa kiti cha mbele, kama alivyoahidi. Safu za nyuma, mafundi Mchopa na mwenzake walibanana na mama zao, mikono yao ikiwa bado na mabaka ya chokaa. Na kando, peke yake, alikaa Tunu, mke wa Shemdoe, aliyekuwa ametoka eda wiki hiyohiyo.

Kanali alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema mashine ilitoa nyekundu, na ndani ya nyumba yalikutwa mabomu. Alisema Inspekta alijua kuna mzigo asioujua, akatanguliza sarufi. "Sajini Shemdoe hakuuawa na gaidi peke yake," alisema. "Aliuawa na hodi. Simwombei Inspekta afukuzwe. Namtaka aseme neno moja: samahani. Aseme, arudi kazini, tusonge mbele."

Ukumbi ukaguna kwa kumuunga mkono. Neno moja. Nani angenyimwa neno moja?

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Somoe alisema. Alikuwa amesimama kizimbani, mikono nyuma. "Naomba kumuuliza mtaalamu wa Pambanuzi."

Mtaalamu, kijana nadhifu aliyekaa karibu na sanduku jeusi lenye taa ndogo nyekundu, aliinuka nusu.

"Hiyo taa inamaanisha nini?"

"Kwamba mashine inasikiliza. Kila kikao cha Baraza ni somo kwake. Ndivyo inavyojirekebisha."

"Nikisema samahani, itajifunza nini?"

Kijana alimtazama Kanali kabla ya kujibu. "Itaandika kwamba kubatilisha nyekundu ile lilikuwa kosa, na mhusika amekiri."

"Halafu?"

"Halafu... siku nyingine maneno yale yakisikika, yatakuwa mekundu bila kupita kwako. Kidole hakitahitajika. Sheria inasema mashine ikishasahihishwa na binadamu haimuulizi tena."

"Kwa kila atakayesema kulipua?"

"Katika mazingira yanayofanana, ndiyo."

"Fundi, zege, daraja, barabara, choo cha shule. Nchi nzima."

 Nyuma, mama yake Mchopa alimvuta mwanawe mkono, kana kwamba mwewe alikuwa ameshaingia ukumbini.

"Hizo ni hofu za kitaalamu," Kanali alisema bila kuinuka. "Mnaweza kuiweka sawa baadaye."

"Baadaye ya nani?" Somoe alimgeukia. "Ya Mchopa?"

"Inspekta, zungumza na meza," Jaji Nyangeta alisema.

Ndipo Tunu alipoinuka. Hakuna aliyemruhusu wala aliyethubutu kumzuia. Alikuja mpaka mbele ya kizimba, kanga imembana kichwa, akasimama karibu kiasi cha kugusana.

"Wifi," alisema. "Matangani kwa mume wangu hukuja."

"Nilikuja. Kaka zako walinirudisha mlangoni."

"Walikosea. Mimi nilikuwa ndani, nakungoja." Sauti yake haikupanda. "Alikuwa akikusifu mezani mpaka nikaona wivu. Dada kasema hivi, dada kasema vile. Mambo ya mashine siyajui, wifi. Samahani yao sitaki, wamalizane nayo wenyewe. Mimi nimekuja kuchukua pole yangu. Nipe pole yangu niende."

Somoe alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, limejaa, tangu ile damu ilipozama kwenye saruji. Kisha akaiona ile taa ndogo.

"Mtaalamu," alisema, na sauti ilimkwaruza. "Nikisema pole?"

Kijana alijipapasa tai. 

"Ni kilekile," alisema mwishowe. "Ndani ya Pambanuzi, pole na samahani zimewekwa kapu moja. Walioiunda si watu wa huku. Kwao... kwao ni neno moja. Anayefiwa na anayekosewa huambiwa neno hilohilo."

Vichwa vikageuka ukumbi mzima. Hata Kanali aligeuza shingo kulitazama lile sanduku, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyezaliwa na kulelewa mahali fulani. Lakini hakusema lizimwe.

"Lizimeni kidogo," Somoe alisema.

"Sheria hairuhusu," Jaji alijibu, na hakuonekana kufurahi. "Likizimwa, kikao kimekufa, na hatima yako itaamuliwa bila wewe kusikilizwa."

Tunu alikuwa bado amesimama. "Hata pole, wifi?"

"Si humu ndani."

"Mfiwa ananyimwa pole!" mtu alipayuka kutoka nyuma. Mwingine akasema, "Moyo wa jiwe." Kanali alitikisa kichwa kwa niaba ya wote.

"Wifi, nisikilize," Somoe alisema. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili. "Toka hapo nje, nitakupa. Barabarani, mbele ya watu wote, juani, nitapiga magoti, nitalia nikiwa na sare. Humu ndani nikikupa pole, hili sanduku litaandika kwamba mumeo alikosea kupiga hodi. Litaandika kwamba nchi hii haibishi tena mlango. Litampa yule aliyemuua ile saluti anayoililia sero, na litawaua wale vijana wawili pale nyuma, leo ama mwakani, kwa kusema wanavyosema. Mumeo alikuwa polisi. Alibisha mlango. Sitaisaliti hodi yake."

Tunu alimtazama. Somoe hakuona msamaha usoni mwake. Aliona mwanamke aliyeomba kitu kidogo kuliko vyote akanyimwa. Tunu alirekebisha kanga, akageuka, akatembea mpaka mlango wa ukumbi, akatoka. Hakurudi kitini, na haikujulikana kama nje angengoja.

Jaji Nyangeta alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Inspekta Nambunga, kabla hatujaenda kuandika uamuzi. Unafahamu ukikataa unavua hiyo sare leo?"

"Nafahamu."

"Na kwamba Sajini Shemdoe angekuwa hai kama ungeweka kidole?"

Hilo lilimpata. Aliliacha limpate, mbele ya wote.

"Nafahamu, mheshimiwa. Sitakaa siku moja bila kulifahamu."

"Basi nakuuliza mara ya mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu." Jaji aliitazama ile taa, kisha akamtazama yeye. "Unaomba radhi?"

Kanali alisogea mbele kwenye kiti chake ili asikose herufi hata moja.

"Siombi," Somoe alisema.